Vitamini za Mzamiaji wa Shimo

Watu wa Lubumbashi hucheka wakisikia kwamba mume wangu alikuwa mzamiaji. Alizamia wapi, huuliza, kwenye ndoo? Hawajui kwamba mashimo ya zamani ya mgodi hujaa maji, na kwamba mwenye mgodi akitaka kuyakausha huteremsha pampu. Pampu ikizibwa na tope, lazima mtu aifuate huko chini. Mtu huyo alikuwa mume wangu.

Kazi hiyo ina masharti yake. Hewa anayoivuta mtu kule chini huingia kwenye damu, na akipanda haraka hugeuka mapovu ndani ya mishipa. Kwa hiyo kamba yake ilifungwa vitambaa, na kwenye kila kitambaa alipaswa kusimama na kungoja. Vitambaa hivyo nilivikata mimi, kutoka kitenge changu cha njano kilichochakaa. Cha juu kabisa ndicho kilichotaka kungojewa kuliko vyote, na ndicho alichokichukia, kwa sababu akiwa pale alikwisha kuliona jua na miguu ya wenzake.

Mwaka juzi vidole vyake vilianza kufa ganzi. Tulikwenda pamoja kwa daktari, naye akambana mkono kwa mkanda, akaufungua, akatazama kwenye mashine jinsi damu inavyorudi. Akasema mishipa imechoka, haitanuki vizuri.

"Papa, kuko vitamini, ya C na ya E," alimwambia. "Banasema inaweza kusaidia mishipa kidogo. Lakini mapovu haitoe. Dawa ya mapovu njo kupanda pole pole na kupumuzika. C'est tout, ni hiyo tu."

Mume wangu alisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili nilibaki nayo mimi, na mke husikilizwa na nani?

Alinunua vile vidonge vikubwa vya rangi ya machungwa vinavyochemka kwenye glasi. Kila asubuhi alikunywa povu likiwa bado linaruka, akifuta mdomo kwa kiganja kama aliyeshusha bia. Wenzake wakamwiga. Ukingoni mwa shimo, baada ya sala ya kuanza kazi, walipitishiana glasi kabla ya mtu kuteremka, na mwishowe sala na kidonge vikawa kitu kimoja kwao. Siku za kupumzika zikaonekana za waoga. Nikimsihi akae nyumbani, alinijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

"Mama, wacha kuogopa. Mishipa yangu iko na nguvu sasa."

Siku ile pampu iliziba asubuhi, ikaziba tena mchana, naye akateremka mara zote mbili. Jioni mwenzake anayeshika kamba alikuja kwetu, hapa Lubumbashi katika mtaa uitwao Kenya, akasimama mlangoni na viatu vyake vya tope.

"Mama, alipita kitambaa ya mwisho," alisema. "Nilivuta kamba asimame, hakusimama. Tulimuuliza juu ya nini, akasema leo alikunywa mbili. Kisha miguu ikakatala."

Hospitalini walimpa oksijeni. Walisema chumba cha kumrudishia ule mgandamizo wa chini ya maji hakipo hapa mjini, kitafutwe mbali. Kampuni ilipiga simu, ikaendelea kupiga simu, na miguu haikuingoja.

Sijidanganyi tena. Wanaokuja kutuombea wakiondoka huwa nimechoka zaidi. Haitarudi ile miguu, wala yule mwanaume aliyekuwa akiingia na matope mpaka sebuleni nikamgombeza. Natamani nimgombeze tena, basi.

Bado anadai vitamini yake kila asubuhi. Mara ya kwanza nusura niitupe glasi ukutani. Sasa namtilia, naye haigusi. Anaishika kifuani na kuitazama.

"Ngoja, mama. Ngoja ipite yote."

Tunangoja, mimi nimesimama na kitambaa cha kumpangusia, yeye akiangalia povu linavyopungua, mpaka lile la mwisho, lililoshikilia ukingo wa glasi, nalo lipasuke. Ana subira sasa. Namchukia kwa subira hiyo, na nampenda, na sijui niipeleke wapi hasira yangu. Kisha anakunywa, nami namgeuza alalie ubavu wa pili.