Delai Niliyoiweka Mwenyewe Ilinikosesha Nyumba ya Rugenge

Ndugu zangu, kosa ni langu, simsingizii mtu. Nyumba ya Rugenge niliipoteza minye mwenyewe, na samaki mdomoni!

Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole, anahamia kwa watoto wake Lubarika. Bei tulishapatana. Aliomba tu tungoje dada yake aje kushuhudia. Lakini minye nilitaka nionekane mnunuzi mkali. Nikamwambia:

"Papa, delai ni Jumamosi saa sita ya mchana. Ikipita bila kusinye kontra, ile karatasi ya mauzo, kila muntu iko huru!"

"Kila muntu?" akauliza.

"Kila muntu!" Looh, kinywa hiki!

Jumamosi mzee aliwahi kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, pamoja na dada yake. Mama mkwe wangu naye alikuwepo, ndiye shahidi wangu. Na minye? Nilikuwa ng'ambo ya barabara, mgahawani, nimejificha nyuma ya pazia! Nilitaka wanisubiri kidogo, wajue wana shughuli na mtu mkubwa. Nikaagiza samaki, mukeke wa kukaanga.

Nilipotaka kuinuka, mwiba ukanikwama kooni. Mama wa mgahawa akanipiga mgongo, akanishindilia matonge ya bugali, akanipiga tena. Mungu wangu! Saa sita ikapita nimeinama kama mbuzi anayekunywa maji.

Nikavuka barabara mbio. Nikamkuta mama mkwe anapangusa wino kwenye kidole gumba.

"Mukwe wangu, delai imepita," akasema. "Komisionere mmoja, dalali wa nyumba, alikuwa mlangoni na mnunuzi wake. Ningeacha nyumba iende hivi hivi? Nimeinunua minye, na franga za shamba langu la Kiringye."

Nilitaka kupiga kelele, "Hiyo nyumba ni yangu!" Kikatoka "Khhh! Khhh!" tu.

"Muone anavyofurahi," akamwambia shefu. "Mupaka machozi!"

Mwiba ulitoka jioni ile. Nyumba ni ya mama mkwe mpaka leo. Minye na mke wangu tunaishi chumba cha nyuma, na kila mgeni akija anasimuliwa habari zangu. Mke wangu ndiye anayecheka kuwapita wote!

Weye unayenunua nyumba, nakusihi: delai iwe ya kuwapa wote nafasi ya kujiandaa, si ya kutishia muzee wa watu. Na ukiiweka, fika wa kwanza, ukae hapo hapo kwenye benchi. Njaa ikikuuma, kunywa uji!