Gati Lililokazwa

Mke wangu alikuwa kwenye mtumbwi wa injini, akirudi kutoka kisiwani kwa mama yake, na mimi sikuweza kukaa. Ujauzito ulikuwa wa miezi minane. Zahanati ya kule ilimwambia ahamie upande huu, karibu na hospitali. Sasa, hapa mwaloni kwetu, ufukweni mwa ziwa, abiria hushushwa kwa kubebwa. Mtumbwi unasimama majini, wapagazi wanaingia hadi kifuani, unapanda mgongoni kama gunia la dagaa. Mjamzito hawambebi. Wanakwambia wazi: tukiteleza naye, tutaiambia nini familia yake?

Ndiyo maana gati la umma tulilokuwa tunalijenga pale nililiona langu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mtu wa Shinyanga. Wenzangu wengi walitoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu huko Runzewe, wanaume wa kazi hasa. Gati lilielea juu ya mapipa, na minyororo yake ilishuka mpaka kwenye vitalu vya zege chini ya ziwa. Injinia alituagiza tuiache ilegee, ili dhoruba ikija gati lipande na kushuka na mawimbi. Kisha akaenda Geita mjini kufuata bolti.

Alipogeuza kisogo tu, wale jamaa wakaingiwa na wasiwasi. Kwenye duara, gogo la kuzuia ukuta likicheza, umezika watu. Basi kiongozi wao akashika winchi, akakaza minyororo mpaka gati likatulia tuli. Nilipotoka kula nikakuta wanapongezana.

“Nani kakaza?” niliuliza.

“Sisi,” kiongozi alijibu. “Ulitaka liyumbe kama mlevi?”

Nilitaka kumtukana, ila upande wa kisiwani mbingu zilikuwa nyeusi tii. Upepo ukafika kabla sijafungua mdomo. Gati lilishikwa chini, halikuweza kupanda, kwa hiyo mawimbi yakaanza kupita juu yake. Mbao zikalia. Na mtumbwi, Mungu wangu, ulishaonekana, ukipanda na kuzama machoni pangu.

“Legeza!” nilipiga kelele. “Legeza minyororo!”

“Bhebhe, wewe! Nikilegeza linaondoka!”

“Liondoke na mimi! Mke wangu yule pale, mjamzito, atashukia wapi?”

Kiongozi aliutazama mtumbwi. Kisha akaushika mpini wa winchi mwenyewe, akazungusha kinyume, taratibu, uso umemkunjamana kama anayefanya dhambi. Gati likainuka. Wimbi lililofuata likapita chini, na lile jingine vilevile. Lilicheza vibaya, lakini lilikaa juu ya maji.

Mtumbwi ukajibanza ubavuni. Nikamvuta mke wangu, kanga imelowa chapachapa, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. “Karibu, shemeji,” kiongozi aliita kutoka kwenye winchi. Wapagazi walisimama ufukweni, mikono kifuani.

Katikati ya gati mke wangu akasimama ghafla. Nilijua uchungu umemshika.

“Nini? Nini, mama?”

“Niachie mkono,” alisema. “Gati halina shida. Wewe ndiye unanitetemesha.”

Nikamwachia. Akatembea mwenyewe mpaka mchangani.