Maziwa ya Mama Mukagasana

Hapa Mushaki, ukithubutu kusema maziwa ya Mama Mukagasana yana maji, utajuta kuwa na mdomo. Ng'ombe wake anawajua kwa jina na kwa tabia. Mgeni akiomba maji nyumbani kwake, anamtazama kana kwamba ametukanwa.

Mwaka jana kifua kikuu sugu kilimchukua binti yake, Umutoni. Kwenye kituo cha afya wakanong'ona kwamba msichana alikuwa anatupa vidonge. Mama, aliyemsimamia kila asubuhi akivimeza, hakuwasamehe. Hata mimi jirani yake sikuwasamehe, maneno yale yaliniudhi sana.

Basi mwanawe Ngabo aliposhikwa na ugonjwa uleule, na dawa zilezile zikawa hazimsaidii, Mama alimwendea muuguzi Brigitte na kumjia juu. "Mupime damu yake! Mutaona kama tunadanganya!"

Damu ikatolewa, ikazungushwa mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu. Maji hayo yakawekwa kwenye barafu, yakapelekwa labo kubwa ya mbali. Huko mashini inayasukuma ndani ya bomba jembamba, kila kilichomo kinatoka kwa zamu yake, na dawa inajichora kwenye karatasi kama kilima. Dawa ikiwa nyingi, kilima kinakuwa kirefu.

Jibu lilipofika nilimsindikiza Mama. Brigitte akatuonyesha mchoro. Mahali pa kilima palikuwa na kichuguu.

"Mama, dawa iko kidogo sana mu damu."

"Nilimuona na macho yangu anameza!"

"Nakuamini, Mama. Anamezaka na nini?"

"Na maziwa, nini ingine! Mutoto mugonjwa nimupe maji matupu, kama muntu mwenye tunachukia?"

Brigitte akaweka karatasi mezani. Akaeleza polepole kwamba kidonge kimoja, kile cha maana kuliko vyote, hakipatani na maziwa. Maziwa yanakishika tumboni, hakifiki kwenye damu. Ngabo ameze kwa maji, maziwa yangoje mpaka mchana, naye bado anaweza kupona.

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Nikamgeukia Mama tumshukuru Mungu pamoja, nikakuta ameuinamia ule mchoro, kidole chake juu ya kichuguu.

"Na Umutoni?" akauliza. "Yeye nilikuwa namuongezeaka kopo ya pili ya maziwa, sababu alikuwa anakonda."