Picha ya Kungoja

Mwisho wa miaka ya tisini nilifundisha kompyuta Kitengela, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Kompyuta zetu zilikuwa nzee, na kila ukiziamuru kitu zilikuonyesha kwanza kijipicha chenye kiuno chembamba, maana yake ngoja. Siku moja mwanafunzi akauliza hiyo ni picha ya nini. Sikujua. Nikasema ni kibuyu cha maziwa, kwa sauti ya mtu mwenye diploma, na darasa zima likaandika.

Mama aliyekuwa akitufagilia akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hiyo si kibuyu. Ni chupa ya mchanga. Nikifanya kazi ya nyumba kule Ngong, tajiri wangu alikuwa nayo jikoni. Unaipindua, mchanga ikiisha kushuka, yai imeiva."

"Mama, wewe fagia," nikamwambia. Wanafunzi wakacheka. Naye akainama, akafagia.

Wiki hiyo hiyo nikafungua kitabu, nikakuta ni kweli: ni chupa ya mchanga, watu wa zamani waliitumia kupima muda. Nilipaswa kumwomba msamaha. Badala yake nilinyamaza hadi muhula uliofuata, na mbele ya darasa jipya nikaeleza yote, mchanga, jiko, hata yai, kana kwamba nililichemsha mimi. Mpumbavu kabisa.

Wa kwanza kunipigia makofi alikuwa yeye, pale mlangoni, ufagio ameubana kwapani.