Jiwe Kwenye Fundo la Leso

Kila asubuhi binti yangu alikuwa ananiwekea kidonge mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Fungua mdomo, mama." Nafungua. "Meza." Nameza. "Haya, inua ulimi." Nainua ulimi, mimi niliyemzaa, na yeye anachungulia kama mtu aliyepoteza sindano chini ya kitanda. Jirani anayefua nje anasikia yote. Hapo kwake Bukoto, mtaa wa Kampala, nyumba zimepakana, ukikohoa unapewa pole kutoka upande wa pili.

Lakini nimeanza katikati. Shuleni niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnisamehe nikiruka ruka.

Nilitoka Kenya, upande wa Busia, nikaja Kampala vita vimekwisha, kuta bado zina matundu ya risasi. Niliuza dagaa Kawempe, wenyewe hapa wanaita mukene. Dagaa wazuri hujulikana kwa mlio, unawachota mkononi, wakilia kama majani makavu, chukua. Wakinyamaza, wameloa, achana nao. Basi miaka imekwenda, nimezeeka pale pale sokoni, shingo ikaanza kuota kitu. Nikadhani rovu, kama la bibi yangu. Hospitali wakasema ni kansa ya tezi, wakanipasua, wakaitoa tezi yote.

Daktari alinieleza kwamba tezi ile ilikuwa jiko la mwili. Sasa jiko limetolewa, na moto wangu umo ndani ya hivi vidonge, mpaka siku ya kufa. Tena kwangu vina kazi mbili, kuuamsha mwili na kuulaza ule ugonjwa usirudi. Nimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji peke yake, halafu nisile kitu, nikae karibu saa nzima ndipo ninywe chai.

Nikafanya hivyo. Wallahi nilimeza kila siku. Lakini mwili haukuamka. Nilivaa sweta jua likiwa utosini. Sauti ikawa nzito kama ya mwanaume. Nikavimba, uso ukawa duara, na hapa Kampala ukinenepa watu wanakusifu. "Eh, jajja, umenenepa! Pesa imeingia!" Jajja kwao ni bibi. Nami nacheka nao, najua kabisa kwamba huu si unene wa kula vizuri. Kupokea sifa ya ugonjwa ni aibu yake peke yake.

Siku moja nikasinzia mbele ya meza yangu, mkono ndani ya dagaa. Mama mmoja mteja akasema kwa sauti, soko zima lisikie, "Huyu mzee wenu amekunywa waragi asubuhi yote hii!" Sijawahi kuonja waragi. Maneno yakamfikia binti yangu, naye akaja na pikipiki ya kukodi akanihamisha Kawempe kwenda kwake. Hospitali wakapima damu, damu ikasema dawa haifiki. Wakaongeza dawa. Wakapima tena, bado haifiki. Ndipo kukaja hayo ya kuinua ulimi.

"Mama, kama unatupa dawa, sema," aliniambia. "Nitakurudisha Kenya kwa mjomba. Ukafie kwa ndugu zako, mimi siwezi kukutazama ukijiua."

Nililia, kwa sababu hakuna mtu Kenya aliyekuwa ananingoja. Kaka yangu, huyo mjomba wake, mwenyewe analishwa na wakwe.

Sasa niseme la jiwe. Kuna yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, sisi tunaita odowa, wajawazito wanatafuna. Nilianza nikiwa na mimba, mimba ikaisha, hamu ikabaki. Mwanamke wa umri wangu akionekana anatafuna jiwe, watu watamcheka mpaka kaburini. Kwa hiyo nilikuwa nalifunga kwenye pindo la leso, fundo dogo, na nikishamezeshwa dawa na kuambiwa nisile, njaa inanibana, naingia bafuni namega kipande. Namung'unya polepole lisilie. Mdomo wote unajaa ile harufu ya mvua ya kwanza. Hata sikuona kama nafanya kosa. Daktari alikuwa amekataza chai, maziwa, uji na mkate. Jiwe hakulitaja.

Tukaenda hospitali tena. Daktari alikuwa kijana mpole, akasema nami Kiswahili cha barabarani.

"Jajja, dawa unakunywa ama hapana?"

"Nakunywa, daktari."

"Daktari, namuona kwa macho yangu," binti yangu akasema. "Hata ulimi nakagua."

Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia binti yangu, akimwita bibi kwa Kiganda. "Nyabo, damu haijui kudanganya. Nikiongeza tena dawa na kumbe hamezi, halafu siku moja aimeze yote, moyo wake utashindwa. Nikiacha hivi, ule ugonjwa unaweza kurudi. Sasa wewe unamfichia mama yako, ama vipi?"

Binti yangu alikuwa ametazama sakafu, masikio yamemwiva. Huyu mtoto hata utotoni alikuwa hajui kusema uongo, akivunja kikombe anakuja navyo vipande. Na sasa anaitwa mwongo mbele ya nesi, kwa ajili yangu.

Nikafungua fundo. Vidole vilikuwa baridi, vilichukua muda. Nikaliweka jiwe mezani.

"Hii nini?"

"Jiwe."

"La kufanya nini?"

"La kula."

Nesi akashindwa kujizuia. "Jajja, una mimba ya miezi mingapi?" Daktari akamtazama, nesi akageukia ukuta, lakini mabega yake yalikuwa bado yanacheka.

"Unakula saa ngapi, jajja?"

"Nikishameza dawa. Si ulisema nisile kitu?"

"Na jiwe?"

"Jiwe si kitu, daktari."

Hapo hata yeye aliinamisha uso. Alipouinua akanieleza taratibu kwamba udongo ule unaweza kuishika dawa tumboni na kutoka nayo, isiingie kwenye damu. Hakuniongezea kidonge hata kimoja. Akamwambia binti yangu, "Nisamehe, nyabo," akamsukumia lile jiwe yeye, kama vile mimi sipo.

Nje tulikaa kwenye benchi. Alikuwa amelishika kwenye kiganja, akalinusa.

"Ulianza lini, mama?"

"Nikiwa na wewe tumboni."

Akalitupa mtaroni, akajipangusa mkono kwenye sketi, akasema, "Mjomba nilikuwa nimeshamwambia akuandalie chumba. Nitampigia asikiandae."

Damu sasa inasema vizuri. Sweta nimelivua, na wa sokoni wananiambia nimekonda, pole sana. Ulimi siinui tena. Lakini kila asubuhi, nikishameza, binti yangu bado anasimama mbele yangu ananiletea pua.

"Hema, mama."

Nahema. Hasikii harufu ya udongo, anakwenda kazini. Mimi nabaki nimeona haya, maana mvua ikianguka kwenye vumbi la Bukoto mate yananijaa, na inabidi niinuke nikafunge dirisha.