Fimbo Niliyokwenda Nayo Shule

Ziwa nililinusa kabla sijaliona. Treni yetu kutoka Tabora ilikuwa imejikokota usiku kucha, na alfajiri harufu ya dagaa wa kuanikwa ikaingia dirishani pamoja na moshi wa dizeli. Baba akaniamsha. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kugombania pamba yetu na bei ikapanda, naye akaamua kunipeleka Mwanza, kwenye sekondari mpya ya binafsi iliyosifika kwa kuandaa watoto wa kwenda chuo kikuu. Nilibeba jembe, ufagio na fimbo ya mkwaju, kama tulivyoagizwa kila tulipofungua shule ya msingi.

"Oya, ng'ombe umewaacha wapi?" akapiga kelele Saidi, mtoto wa muuza duka wa mtaa wa Mabatini, na wote pale getini pa shule wakacheka.

Mwalimu Perpetua, mkuu wa shule, aliipokea fimbo kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Hapa hatuchapi, lakini kazi itapata."

Baba alikunja uso. "Mwalimu, asiyechapwa atasoma nini? Nitakuja kabla ya likizo. Nikikuta mchezo, narudi naye shambani."

Maneno hayo niliishi nayo muhula mzima, maana shule nilikwisha kuipenda. Tulisoma tumekaa duara juu ya mawe, upepo wa ziwa ukipeperusha kurasa, na swali halikuwa utovu wa adabu. Kila Ijumaa, darasani, mwanafunzi mmoja alishika fimbo yangu akafundisha kwenye ramani, na mwalimu akakaa dawatini kwa Saidi.

Baba alifika Ijumaa ya zamu yangu. Mwalimu Perpetua alikuwa amenyoosha kidole, akiuliza kwa nini Nile inatoka ziwani badala ya kuingia. Nikamwona baba mlangoni, kofia mkononi. Nikaishusha fimbo.

"Jibu basi, ticha!" Saidi akanichokoza.

Nikajibu kwamba maji yanafuata mteremko. Baba akatazama fimbo, akamtazama mwalimu, kisha taratibu akanyoosha mkono. "Na kwetu ni wapi hapo?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya fimbo. Akaja akakaa dawati la mbele. "Haya, endelea, mwalimu," akaniambia.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, baada ya kidato cha nne, Mwalimu Perpetua alinirudishia fimbo. Nikaiacha palepale chini ya ramani. Tangu hapo nimehama miji mingi, sijui kutulia, na leo simu yangu inajua kila barabara ninayopita. Naishi vizuri. Ila hakuna tena anayeninyooshea mkono kuniuliza kwetu ni wapi.