Miwa ya Kwenye Kona

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mnapoanza kunisumbua na hadithi za gari moshi, na leo nitaisimulia yote ili mniache nipumzike. Juzi mjukuu wangu huyu hapa alinijia na simu yake, ananionyesha picha ya tuta la ile reli yetu iliyong'olewa, eti, "Kukhu, bibi yangu, si ilikuwa inapendeza? Si mlikuwa mnaona mpaka ziwa?" Tulikuwa tunaona ziwa! Mwanangu, mama yangu mzazi alipanda gari moshi hilo kila siku ya soko, na ziwa hakuliona. Kama unataka kujua ni kwa nini, kaa chini, na hiyo simu itie mfukoni.

Reli yenyewe ilikuwa tawi dogo tu, lililowekwa kubeba miwa wakati ule sukari ilipowatia watu wazimu. Nyuma ya mabehewa ya miwa waliunganisha behewa moja la watu, nasi tukawa tunapanda kwenda soko la Butere. Katikati ya safari palikuwa na kona juu ya kilima. Gari lilipunguza mwendo pale, na asubuhi isiyo na ukungu uliliona ziwa kule mbali chini, linang'aa. Watu walisimama juu ya viti ili walione vizuri. Mama yangu, wakati huo, alikuwa amejibana kwenye kiti cha mwisho, amejifunika leso uso mzima, ameelekea ukutani.

Sababu ni kwamba mkaguzi wa tikiti katika behewa hilo alikuwa Wesonga, mume wangu.

Ninyi wa siku hizi mnakumbatiana na mama wakwe zenu barabarani, mnapiga picha mmeshikana mabega, sijui mlilelewa wapi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, mpaka aibu hiyo iondolewe. Na kuiondoa si kazi ngumu. Mkwe analeta blanketi na mbuzi, mama mkwe anachinja ingokho, kuku wa hapo hapo nyumbani, mkwe anakula, imekwisha. Kuanzia hapo wanasalimiana kama watu wengine. Ni shughuli ya mchana mmoja!

Lakini Wesonga alikuwa na wimbo wake. "Miwa ikikatwa tu, nitaenda na mbuzi mkubwa. Siwezi kwenda kwa mama na kambuzi kadogo kama paka." Miwa ikakatwa, akapanda mingine. Wakati ule kila mtu alipanda miwa, na alipanda mpaka mlangoni. Ungeona mtu ana shamba la kijani kibichi pande zote, halafu anakwenda sokoni kununua sukuma wiki. Wesonga naye alipoishiwa na nafasi nyumbani, akajipandia kwenye kipande cha ardhi kando ya reli, pale pale kwenye kona, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkataza. Kiwanda cha sukari kikachelewa kuja kuivuna. Miwa ikarefuka, ikarefuka, nasi tukaendelea kuingoja.

Sasa sikiliza jambo ambalo Wesonga hakulijua. Baba yangu, Makokha, alikuwa kuli bandarini Kisumu, na siku moja mashua ilipinduka naye, maji yakamchukua. Mwili haukupatikana. Tulizika mgomba mahali pake, kama inavyofanywa mtu akikosekana. Mama aliapa hatakanyaga Kisumu maisha yake yote, na hakukanyaga. Lakini alikuwa na haja moja, na aliniambia mimi peke yangu.

"Nekesa, nataka tu kuona hayo maji. Nione kwa mbali, niseme neno langu, nirudi nyumbani."

Nikamwambia, "Basi nimwambie Wesonga atoke nje kidogo tukifika kwenye kona."

"Mambo ya mzee wangu uyapelekee mkwe ambaye hata kuku yangu hajakula? Nyamaza kabisa."

Nikanyamaza. Kwa hiyo hao wawili wakawa wanasafiri pamoja kila siku ya soko, mmoja amejifunika, mwingine amegeuza shingo mpaka inamuuma, na mimi katikati yao. Tikiti ya mama naipokea mimi, nampa Wesonga, anaitoboa, ananirudishia, namrudishia mama. Nilichoshwa nao, mwanangu. Ningeweza kuwatupa wote wawili dirishani.

Aliyesema ukweli alikuwa senge, dada yake baba. Yeye alikuja kwetu siku moja, akavuta kigoda, akamtazama Wesonga bila haya yoyote, maana senge hafungwi na aibu ile.

"Mkwe wetu," akasema, "hiyo mbuzi tunangojea inazaliwa wapi?"

"Senge, miwa ikikatwa tu..."

"Aibu ya mkwe inaondolewanga na kuku. Sijasikia ikiondolewanga na kiwanda."

Wesonga akacheka sana. Alidhani ni utani wa senge. Senge hakucheka, alikunywa chai yake akaondoka, na mimi nilimsindikiza njiani nikiwa na hasira na Wesonga.

Haikupita muda mrefu, ikaja habari kwamba reli inafungwa. Matrekta yangebeba miwa, na mafundi wangeng'oa vyuma vyote kuanzia upande wa Butere. Siku ya soko iliyofuata ndiyo ingekuwa safari ya mwisho. Hapo nikaona kunyamaza kumetosha. Nilimwambia Wesonga habari yote, ya maji na ya mama. Aliketi kitandani.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliza miwa yako," nikamjibu.

Akasema, "Mwambie mama, tukifika kwenye kona nitatoka nje, nishikilie ngazi ya upande wa pili. Afunue uso aangalie mpaka atosheke."

Mama alikubali kwa shingo upande. Siku hiyo alivaa nguo yake ya kanisani. Tulipokaribia kilima, Wesonga akatoka kama alivyoahidi, na watu wote behewani wakajua kuna jambo, wakampisha mama dirishani. Akaishusha leso.

Akaona miwa.

Miwa tu, mwanangu! Imesimama ukuta mzima, mirefu kuliko behewa, majani yanakwaruza kioo. Tulipita kona yote hivyo, gari linajikokota, na hakuna ziwa, hakuna mbingu, hakuna chochote. Sisi tuliopanda gari hilo kila wiki tulikuwa tumesahau kwamba hatujaliona ziwa tangu miwa ile irefuke. Tulizoea.

"Hii miwa ni ya nani?" mama akauliza.

Kila mtu akatazama miguu yake. Mwishowe mzee mmoja wa Matungu akasema polepole, "Mama, hiyo ni ya mkwe wako."

Mama akajifunika tena leso. Mlango ulikuwa wazi, na Wesonga alikuwa pale nje kwenye ngazi. Alisikia. Aliporudi ndani hakuomba tikiti ya mtu yeyote mpaka Butere.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sijui kama Wesonga alilala. Nilipoamka hakuwapo, na panga halikuwapo. Nilimkuta kwenye kona, amevua shati, anaifyeka ile miwa peke yake, bila ruhusa ya kiwanda, na anailaza chini ambako hakuna trekta la kuibeba. Wapita njia walimwambia amerukwa na akili. Nikashika panga la pili. Tulifyeka mpaka jioni, na ile miwa ikakaukia pale pale ikawa chakula cha ng'ombe.

Kubaki ikabaki shida moja: mama hakuweza kupanda kilima kile kwa miguu, magoti yalikuwa yamechoka, na gari moshi halipo tena. Wesonga akaenda kuwaomba mafundi wa reli kile kigari chao cha kusukuma kwa mikono, kabla hawajafika upande wetu na spana zao. Walimpa. Nadhani walimwonea huruma kwa jinsi mikono yake ilivyochubuka.

Tukamkalisha mama mbele ya kigari, juu ya gunia, ameangalia mbele. Wesonga akasukuma kutoka nyuma. Hapo ndipo nilipotaka kulia na kucheka pamoja, maana kumbe ilikuwa inawezekana wakati wote: yeye hamwoni mama usoni, mama hamwoni yeye, na leso iko mabegani. Mimi nilitembea kando. Njia nzima nilimsikia Wesonga akihema.

Pale kwenye kona akakisimamisha kigari. Ziwa lilikuwa pale, jeupe, pana, kimya. Mama aliliangalia kwa muda mrefu sana. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mumewe kwa nini amechelewa kutoka sokoni:

"Makokha, nimekuja. Ningekuja mapema, lakini walipanda miwa."

Nyuma yangu mume wangu aliinamisha kichwa mpaka kikagusa chuma.

Tuliporudi nusu ya njia, mama akasema bila kugeuka, "Nekesa, mwambie huyo anayesukuma aje Jumapili ale kuku. Na asilete kitu." Alikuja mikono mitupu, maana cha kununulia mbuzi ndiyo ile miwa iliyoliwa na ng'ombe. Alikula, mama akampa mkono, wakasalimiana. Wiki hiyo hiyo mafundi wakaifikia kona yetu wakang'oa reli, vyuma vikapakiwa kwenye lori, na mama hakuliona ziwa tena mpaka alipofariki.

Sasa wewe mwenye simu, usijifanye unakuna goti. Nimesikia mke wako anakuomba uende kwa mama yake, nawe unasema nikimaliza nyumba, nikipata gari, nikiitwa kazini. Mimi wimbo huo naujua mpaka mwisho wake. Watu wako waendee sasa, na ulicho nacho, hata kama ni kidogo cha kuchekesha. Na ukiona mzee amejifunika uso, usidhani hataki kitu. Muulize, au mtume mtu amuulize, lakini usimwache akae hivyo miaka ukiwa unapiga hesabu ya mbuzi. Picha za reli mnazopenda zitabaki. Mama mkwe wako hatabaki.

Nyasaye, Mungu wetu, akutangulie njiani. Akufikishe kwa watu wako wakiwa hai na macho yao yanaona, akupe mikono isiyoona haya kufika mitupu, na chakula chao kikushibishe. Haya, toa sasa hiyo simu mfukoni. Mpigie mama mkwe wako, umwambie unakuja Jumapili.